Sabuni ilikuwa inaenda wapi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa sekondari na vyuo hapa Iringa mjini. Mjukuu wangu alirekodi kwa simu akayachapa kama yalivyotoka mdomoni, mimi nikapitia nikaongeza pale nilipokuwa nimeruka.

Kamwene vijana. Kamwene tena, huko nyuma sijawaskia. Haya, sasa nimewaskia.

Mwalimu wenu alinifuata nyumbani akasema mama tunaomba uje uwaongelee hawa watoto misukosuko ya karne ya ishirini, ya kisiasa na kiuchumi na kijamii, nikamwambia mwanangu hiyo karne ni kubwa, ina vita mbili za dunia, ina ukoloni, ina uhuru, ina mapinduzi, kwa saa moja tutaishia kutaja tarehe tu na watoto watalala. Nikamwambia nitakuja ila nitaongea habari ya sabuni. Akacheka, akadhani natania, sikuwa natania hata kidogo.

Iko hivi. Mwaka jana tulikuwa tunafua na mjukuu wangu wa darasa la sita, ule mche wa sabuni ulikuwa umebaki kidogo nikaugandisha kwenye mche mpya kama tulivyozoea zamani, akaniuliza bibi kwanini usitupe tu hicho kipande, nikaanza kumwelezea miaka ambayo sabuni haikuwepo, foleni, kibali, majani ya mpapai, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza kitu kimoja. Sasa bibi, hiyo sabuni ilikuwa inaenda wapi?

Nilinyamaza. Mana hilo swali ndo nchi nzima ilikuwa inajiuliza kuanzia kama mwaka 1979 mpaka 1985 hivi, na jibu tulilopewa, ambalo mimi mwenyewe nilisimama ubaoni nikawapa watoto wa watu, halikuwa jibu kamili, na kwa ajili ya lile jibu kuna watu waliumia. Kwa hiyo leo nakuja kulijibu upya.

Mimi nimezaliwa Isimani. Ukipita Isimani sasaivi unaona ukame na mawe, lakini miaka ya hamsini na sitini pale palikuwa ghala la mahindi, watu walifyeka pori wakalima, na wachache wakawa wakulima wakubwa wenye matrekta yao. Likaja Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, mabenki yakataifishwa, vinu vikubwa vya unga, bima, makampuni ya kuagiza bidhaa nje. Habari ya benki sisi kijijini hatukuihisi, nani alikuwa na akaunti. Kilichotufikia ni ujamaa vijijini, kwamba watu waache kukaa mmoja mmoja kwenye mashamba yao wakae pamoja walime pamoja, mwanzoni kwa hiari.

Kwetu ile hiari ilipata damu mapema. Siku ya Krismasi 1971 mkuu wa mkoa wetu, Dk. Wilbert Klerruu, alienda shambani kwa mkulima anaitwa Saidi Mwamwindi, wakabishana, Mwamwindi akampiga risasi akafariki, alafu akaupakia mwili kwenye gari akaupeleka mwenyewe polisi hapa Iringa. Alihukumiwa kunyongwa na akanyongwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nakumbuka watu wazima wakiongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba zao wenyewe, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla, na tangu siku ile ukimuuliza baba swali la siasa anakwambia kachote maji.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere, rais wetu, akatangaza kwamba sasa kuishi kijijini ni lazima, na mwisho wake 1976. Sisi tulihamishwa 1974. Lori lilikuja asubuhi, tukapakia mahindi, mbuzi, magodoro ya nyasi, wakatoa paa la tembe yetu ili tusirudi, tukashushwa mahali penye vigingi vimechomekwa kwenye mstari wakatuambia kigingi hiki ndo nyumba yenu. Nchi nzima watu zaidi ya milioni kumi walikuwa vijijini ilipofika 1977. Baba alipanda miembe kule mahameni na mpaka anakufa alikuwa anatembea saa mbili kwenda kuiangalia. Na palepale kwenye vigingi ndo tulipata shule karibu, na zahanati, na mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwa mkunga aliyesomea. Vyote viwili vilitupata familia moja mwaka mmoja, msiniombe nichague kimoja niseme ndo ukweli.

Mwaka ule ule nikamaliza darasa la saba. Chama tawala, TANU, kikakaa Musoma Novemba 1974 kikasema kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwisho wa 1977, lakini walimu hawapo, basi wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba tukafundishwa ualimu kazini huku tunafundisha, wengine kwa redio na masomo ya posta, wakatuita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na watu wakatudharau kwa jina hilo mpaka leo. Mimi silionei aibu. Mwaka 1974 watoto wa shule ya msingi nchi nzima walikuwa kama milioni 1.2, ilipofika 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Hao watu wengine zaidi ya milioni moja na nusu mnafikiri nani aliwashika mkono kuandika a e i o u? Jioni tulikuwa tunafundisha elimu ya watu wazima, nimemfundisha mama yangu mzazi kuandika jina lake kwa mwanga wa kibatari, alikuwa anabonyeza penseli mpaka karatasi inatoboka.

Na kulikuwa na kampeni ya redio ya 1973, Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza, wakachimba vyoo, wakafundishwa kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni. Shikeni hapo. Tulimfundisha mtu kunawa kwa sabuni, akaelewa, akazoea, akaona ni haki yake, alafu sabuni ikapotea.

Sasa nawapeleka kiwandani. Sabuni ya mche inatengenezwa na nini? Mafuta, ya mawese au ya wanyama, na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki tulikuwa tunaiagiza nje. Mafuta mengine tulikuwa tunaagiza nje. Mashine imetoka nje, spea ya mashine inatoka nje, gari la kusambaza sabuni limetoka nje na dizeli yake inatoka nje. Na huko nje hawapokei shilingi ya Tanzania, wanapokea dola au pauni, na dola unaipata kwa kuuza kahawa, pamba, katani, tumbaku, korosho, chai. Kwa hiyo mche wa sabuni wa kule Isimani ulikuwa umefungwa kwa kamba ndefu mpaka kwenye mti wa kahawa wa Kilimanjaro na shamba la katani la Tanga. Hiyo kamba hatukuiona, ndo mana ilipokatika tulitafuta aliyeikata hapa hapa kijijini.

Ilikatika wapi? Ilikatika sehemu nyingi, ndo shida ya hii hadithi. Katani, tulipopata uhuru sisi tulikuwa wakubwa duniani, kama 1964 tuliuza zaidi ya tani 200,000, alafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa na mengine yakachoka, mpaka katikati ya miaka ya themanini tunavuna kama tani 30,000 na kitu. Mafuta, Oktoba 1973 kulikuwa na vita ya Waarabu na Israeli, na ilipofika Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imetoka kama dola 3 ikafika karibu 12, mara nne kwa miezi michache, na ikapanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Ukame nao ukapiga 1973 na 1974 palepale tulipokuwa tunahamisha watu, watu wameshushwa kwenye vigingi bila shamba lililolimwa na mvua hakuna, basi nchi ikanunua mahindi nje kwa dola ilizokuwa nazo. Watu wa mjini wakala ule unga wa njano wakauita unga wa Yanga.

Tulipata nafuu kidogo, na nafuu yenyewe ilitoka Brazil! Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa kule Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda sana 1976 na 1977, dola zikaingia, serikali ikalegeza uagizaji wa bidhaa, mpaka mwisho wa 1978 akiba ikawa imekwisha tena. Kumbukeni huo mwaka, mwisho wa 1978, akiba hakuna, mana ndo vita iliyotukuta.

Kabla ya vita lakini kuna jambo moja. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika vya wakulima, ikaweka mamlaka za mazao, mashirika ya serikali ya kununua mazao. Hapa sitamlaumu Brazil wala Mwarabu, hili tulijifanyia wenyewe. Mkulima alikuwa anapeleka zao lake anapewa karatasi, hela baadae, na baadae yenyewe mwaka mwingine, akaona bora alime chakula au avushe kahawa yake usiku mpakani. Ukimkatisha tamaa mkulima wa kahawa umeikata sabuni, hata kama hakuna aliyekusudia. Mimi nilikuwa napigia makofi mamlaka za mazao mkutanoni, baba alikuwa anakaa kimya, na yeye ndo alikuwa mkulima.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, tukafunga mpaka na Kenya, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Ndege, reli, bandari, posta, vitu tulivyokuwa tunagawana ikabidi kila mtu aanze kununua vyake, kwa dola hizo hizo. Wale wa Namanga na Horohoro na Holili wanajua, Kimbo na Blue Band na dawa ya meno vilikuwa vinapita porini kwa kichwa, sisi huku kusini tukivipata vimeshapanda bei mara tatu.

Alafu vita. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, wakaua watu, wakapora ng'ombe, wakalipua daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba tulikaa kuzunguka redio moja kijiji kizima, RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mpaka leo nikiyakumbuka nywele zinasimama. Kaka yangu alikuwa mgambo, aliondoka wiki ile ile, na malori na mabasi yakachukuliwa kupeleka watu mbele, jeshi likakua mpaka zaidi ya watu laki moja. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kaka alirudi, namshukuru Mungu, mwalimu mwenzangu hakurudi.

Gharama inayotajwa sana ni kama dola milioni 500. Hakuna aliyetulipa, sio OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, wala nani. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane. Tukafunga, kwa moyo kabisa, mana tulikuwa tumeshinda. Miezi kumi na minane ikaisha, mkanda ukabaki pale pale, ukaongezwa tundu lingine.

Hapo ndo foleni zilianza kuwa maisha. Mimi nilikuwa nimeshaolewa nina mtoto mmoja, tunakaa kijiji cha shule. Habari inakuja usiku kwamba kesho duka la kijiji litapokea, hakuna anayejua ni nini, unaamka saa kumi alfajiri unakuta mstari wa mawe. Mawe, ndiyo. Watu waliweka jiwe au tofali au ndoo mbovu kushika nafasi wakaenda kulala kidogo, kila mtu anajua jiwe lake na la jirani, na ugomvi mkubwa kuliko yote niliowahi kuuona kati ya wanawake wawili ulikuwa wa jiwe kusogezwa. Saa nne linafunguliwa. Balozi wa nyumba kumi ana orodha, kaya hii robo mche, kaya hii yenye watoto wengi nusu mche, sukari nusu kilo, na mara nyingi kufika katikati ya mawe kitu kimeisha. Hata sanda ilikuwa kwa kibali. Mtu kafiwa, badala ya kulia anaanza kutembea na barua kwenye ofisi.

Tulifua kwa majani ya mpapai, unayatwanga yanatoa povu kidogo na nguo inapata rangi ya kijani hivi, na kwa magadi yanayokula mikono. Tulivaa katambuga za tairi. Watoto wangu wa darasa la tatu walikuja na upele, na mimi ubaoni nawafundisha somo la afya, nawa mikono kwa sabuni, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza mwalimu sabuni ni ya rangi gani. Hakuwa mtundu, alikuwa anauliza kweli.

Mjini nao walikuwa na yao, Jumapili ikifika saa nane mchana gari za binafsi hazitakiwi barabarani kwa sababu ya petroli, na viwanda vingi vilikuwa vinafanya kazi robo au theluthi ya uwezo wake. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, wanafagia sakafu.

Kule juu walikuwa wanabishana. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani, ruzuku ziondolewe, ndo likopeshe. Mwalimu akakataa. Waziri wa Fedha Edwin Mtei aliona bora tukubaliane nao, akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Januari 1980 Mwalimu akawaambia mabalozi wa nchi za nje wazi wazi kwamba IMF haikuchaguliwa na mtu kuwa wizara ya fedha ya kila nchi, na mimi mpaka leo naona katika hilo alisema neno la haki. Lakini neno la haki halikununua kostiki, na miaka ikapita, 1980, 81, 82, tunabishana na wenye dola huku mstari wa mawe unazidi kuwa mrefu pale dukani.

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa sitaki kufika.

Mtu asiposhika sababu iliyo mbali atamshika aliye karibu. Nani alikuwa na sabuni? Mwenye duka. Kwa bei gani? Ya kuruka, mara nne mara tano ya bei ya serikali. Basi yeye ndo aliyeificha, yeye ndo mlanguzi, sabuni inaenda kwake. Ilikuwa rahisi hivo, na ilikuwa na ukweli ndani yake, mana walanguzi walikuwepo na wengine walikuwa ndani ya mashirika ya umma yenyewe, wanatoa vitu mlango wa nyuma. Mwisho wa Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria ikatungwa mwaka ule ule, ikaundwa mahakama maalumu, mtuhumiwa hana dhamana, hana wakili, na sheria inarudi nyuma kushika vilivyofanyika kabla yake. Watu wakakamatwa mamia kwa mamia. Wengine wakatupa mali baharini na maporini, wengine wakachoma hela.

Nataka mnielewe kuhusu Sokoine. Tulimpenda. Alikuwa mtu safi, haogopi mkubwa, na alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 mimi nililia kama nimefiwa na baba. Simsemi vibaya. Najisema mimi.

Kijijini kwetu kulikuwa na mzee wa duka. Mtu wa hapa hapa, amenikopesha chumvi, amenikopesha mafuta ya taa mshahara ukichelewa, na ulikuwa unachelewa. Usiku mmoja wakaja na mgambo wakakuta uvunguni katoni sita za sabuni na doti kadhaa za khanga, wakamchukua. Asubuhi vitu vikapangwa nje ya ofisi na sisi walimu tukaambiwa tuwalete wanafunzi waone. Nikawapeleka darasa langu, mstari, wawili wawili. Tukaimba. Mimi ndo nilianzisha wimbo, nina sauti. Tuliporudi darasani nikachora katoni ubaoni nikawaambia mmeona wenyewe, mlikuwa mnaniuliza sabuni iko wapi, huyu ndo alikuwa anakula sabuni yenu.

Binti yake alikuwa benchi la tatu.

Sikuwa nimesahau kwamba yupo. Huwa natamani niseme nilisahau. Nilimwona, nikasema hivo hivo, mana siku ile nilikuwa na hasira ya miaka minne na mtoto wangu mwenyewe ana upele kichwani, na mtu alikuwa amenionyesha pa kuiweka ile hasira. Yule mtoto aliinamisha kichwa kwenye daftari. Kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja, hakurudi tena darasani kwangu.

Katoni sita. Mimi nimekuwa nikipiga hesabu hiyo usiku kwa miaka mingi. Hata zingegawiwa zote siku ile, kijiji chetu kingefua wiki mbili alafu tungerudi kwenye majani ya mpapai. Na baada ya ule msako vitu havikurudi, maduka yalizidi kuwa matupu, mana hata yule aliyekuwa anathubutu kuvusha kitu aliacha.

Na sikilizeni kilichofuata. Bajeti ya Juni 1984, waziri wa fedha Cleopa Msuya, serikali ikasema mwenye dola zake aagize bidhaa alete auze na hataulizwa dola kazitoa wapi. Miezi kumi na tano tu. Lile lile jambo ambalo Machi 1983 lilikuwa hujuma, Julai 1984 likawa sera, na nchi nzima ikashangilia mana sabuni ilionekana. Mitumba ikaingia, kafa Ulaya, watu wakavaa. Novemba 1985 Mwalimu akang'atuka akaja Mzee Mwinyi, tukamwita Mzee Ruksa mana yaliyokatazwa yakawa ruksa. Agosti 1986 tukakubaliana na IMF. Shilingi iliyokuwa kama 17 kwa dola mwanzoni mwa 1986 ilipofika mwisho wa 1990 ilikuwa karibu 200.

Kwa hiyo sabuni ilirudi, ila sasa iko dukani na mshahara wa mwalimu hauifikii. Zamani nina hela hakuna sabuni, sasa kuna sabuni sina hela. Ada za sekondari zikarudishwa, mishahara ikapungua nguvu zaidi ya nusu, mimi nikaanza kukaanga maandazi kabla ya kengele ya shule na nikawauzia wanafunzi wangu mwenyewe, sio kijiji kimoja, walimu wa nchi hii wote walikuwa na biashara mkobani. Vijana wanaosema ilikuwa afadhali zamani hawajui mawe, na wale wanaosema Ruksa ilituokoa hawajui maandazi.

Mjukuu wangu nimemjibu hivi. Haikuwa inaenda popote. Haikutengenezwa. Iliishia kwenye bei ya pipa la mafuta na kamba ya plastiki na mvua iliyogoma na ushirika tuliouvunja na risasi za Kagera na ubishi wa wakubwa wawili ambao hakuna aliyetaka kulegeza. Akasema bibi hilo jibu ni refu. Nikamwambia ndiyo, ndo mana tulipenda lile fupi.

Yule mzee wa duka alikaa ndani zaidi ya mwaka, hawakumtia hatiani, wakamwachia. Mwishoni mwa 1985 akafungua tena, meza tu mbele ya nyumba. Sikwenda muda mrefu, nilikuwa natuma mtoto. Siku moja mtoto anaumwa nikaenda mwenyewe, nikamkuta yule binti ndo anauza, amekuwa mrefu, miaka kama kumi na miwili. Nikasema naomba kipande cha sabuni. Akachukua mche, akaukata kwa waya, akaupima kwa macho, akaongeza kidogo, akaufunga kwenye gazeti. Akapiga goti kama walivyofundishwa, akanipa kwa mikono miwili.

Shikamoo mwalimu.

Nikasema marahaba, nikachukua sabuni nikaondoka.